Leza ya kutafutia gesi msimu wa salfa

Vijana wa ufundi hapa Mtwara huniuliza: msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, hewa ikijaa vumbi, leza ya kutafutia uvujaji wa gesi haidanganyiki?

Gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hapa Mtwara, kwa sehemu kubwa ni methani, isiyo na rangi wala harufu. Lakini methani humeza mwanga wa rangi fulani tu, ambazo macho yetu hayazioni; mojawapo ina urefu wa wimbi wa takribani nanomita 1,654. Unaelekeza kifaa kwenye flenji (kiungio cha mabomba) au kwenye majani juu ya bomba, mwanga unagonga na kurudi, nacho kinapima kilichopungua. Unafanya hivyo ukiwa mbali, hata mita 30.

Salfa hupunguza rangi zote karibu sawasawa. Methani hapo inachukua mstari mmoja mwembamba mno wa rangi, ule wa nanomita 1,654. Ndiyo maana leza haituliziwi kwenye rangi moja: umeme wake hupandishwa na kushushwa upesi mno, rangi ikisogea huku na huku ya ule mstari. Mwanga ukififia wote kwa pamoja, hilo ni vumbi. Ukididimia palepale kwenye mstari, hiyo ni methani. Vumbi likizidi kabisa mwanga haurudi, na hapo kifaa kizuri huandika kwamba hakina mwanga wa kutosha. Kinachoandika sifuri mimi sikitaki, maana sifuri ni jibu.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: namba inayoonyeshwa na kifaa ni ukolezi wa gesi mara umbali ambao mwanga unapita ndani ya gesi. Wingu jembamba la mita kumi na wingu zito la nusu mita yanaweza kusomeka sawa.

Utafiti unaonivutia ni wa kitana cha masafa, kazi iliyowapa John Hall na Theodor Hänsch sehemu ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2005. Ni leza moja yenye maelfu ya rangi zilizopangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Watafiti wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, na wa Chuo Kikuu cha Colorado, hukohuko, hutumia vitana viwili kupima methani, mvuke wa maji na kaboni dioksaidi kwa mpigo mmoja, mwanga ukisafiri zaidi ya kilomita hadi kwenye kioo na kurudi. Kwa pwani yenye unyevu kama yetu, kuupima mvuke badala ya kuukisia ni faida kubwa. Mwaka 2018 kikundi kingine cha Marekani kilionyesha kitana cha kwenye chipu kinachoendeshwa na betri ndogo ya AAA.

Hata hivyo, vitana naviona vya eneo lenye visima na mitambo mingi, panapofaa kulindwa usiku na mchana. Kwa bomba refu la kwenda Dar es Salaam, ile leza ya kwanza, ya mstari mmoja, ikiwa kwenye gari au droni inatosha. Ni jamaa wa karibu wa leza za mkongo wa intaneti, zinazofanya kazi kwenye nanomita 1,550 hivi, na soko la mawasiliano ndilo lililoishushia bei.