Kwa nini bei ya gauni hubadilika kabla halijafika mikononi mwa mteja

Malalamiko ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika chapa ndogo za mavazi hapa Dodoma hayahusu mshono wala kitambaa kilichochuja. Yanahusu bei. Mteja aliliona gauni kwa shilingi 60,000, akajipanga, na alipokuja kulipa mwezi uliofuata akaambiwa ni 65,000. Mwingine alilipa bei aliyotajiwa, kisha siku ya kutumiwa mzigo akaombwa aongeze fedha ya basi, na mzigo ulipofika stendi ya Nyegezi, Mwanza, ikambidi atafute tena fedha ya bodaboda. Kazi yangu ni kukokotoa gharama za uzalishaji kwa wenye chapa za namna hii, kwa hiyo malalamiko hayo huyasoma nikiwa na daftari la hesabu mbele yangu. Naamini wateja wana haki ya kukasirika. Ila kosa wanalolitaja, yaani bei kupanda, mara nyingi si kosa. Kosa ni bei kubadilika bila tarehe, bila maelezo, na wakati mwingine baada ya makubaliano kufanyika.

Nianze na gauni lenyewe. Chukua gauni la kitenge lenye bitana na zipu ya mgongoni, linalouzwa shilingi 60,000. Namba hizi ni za mfano tu, lakini uwiano wake haupishani sana na ninaouona madaftarini: kitambaa 18,000, bitana, zipu, uzi na kitambaa cha kukazia shingo 5,500, ukataji na ushonaji 15,000, pango, umeme na kupiga pasi 4,000, lebo na mfuko 1,500. Jumla ni 44,000. Zinazobaki, 16,000, si fedha ya kutia mfukoni, kwa sababu humo ndimo hutoka ujira wa mwenye chapa, punguzo analompa mteja wa kudumu, makato ya kutoa fedha kwenye simu, kodi, na hasara ya magauni ambayo hayakupata mnunuzi. Sasa kitambaa kikipanda kwa 3,000 na bitana pamoja na zipu vikapanda kwa 1,000, gharama imeongezeka kwa takribani asilimia 9, kiasi ambacho mtu wa nje hukiona kidogo. Kwa mwenye chapa, zile 16,000 zimekuwa 12,000. Robo yake imeondoka, na yeye hakufanya lolote.

Kwa nini bei ya kitambaa ipande wakati nchi yetu inalima pamba? Swali hili naulizwa sana, na ni swali zuri. Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijawa uzi wala kitambaa. Viwanda vya nguo tunavyo Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na Mwanza, lakini navyo hununua rangi, kemikali na vipuri kutoka nje. Na bidhaa nyingi ambazo fundi wa Dodoma anazihitaji, kuanzia zipu hadi bitana laini, hushuka Kariakoo zikiwa zimetoka China au India. Mahali popote palipo na bidhaa ya nje, pana dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300. Kufikia Septemba 2024 ilikuwa imevuka 2,700. Muuzaji wa jumla aliyekuwa akinunua jora kwa bei ileile ya dola alilazimika kutoa shilingi nyingi zaidi kwa jora lilelile, na tofauti hiyo ilisafiri duka kwa duka hadi kwenye meza ya fundi wa nguo wa Majengo, hapa Dodoma.

Juu ya hapo kuna usafiri wa meli, na hapa ndipo penye jambo ambalo wateja wengi, hata baadhi ya wenye chapa, hawalijui. Ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa ikijumuisha bima na nauli ya kuifikisha bandarini. Kwa hiyo nauli ya meli ikipanda, kodi nayo hupanda, ingawa kiwango cha kodi hakikuguswa. Tuseme kitambaa kinatozwa ushuru wa asilimia 25, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru. Kila shilingi 1,000 inayoongezeka kwenye nauli ya meli inakuwa 1,250 baada ya ushuru na 1,475 baada ya VAT, kabla ya kuhesabu tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli. Halafu chapa ndogo ambayo mauzo yake hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango ambacho tangu Julai 2023 ndicho kinachomlazimu mfanyabiashara kusajiliwa kwa VAT, kwa kawaida haimo katika mfumo huo, na hivyo haiwezi kudai marejesho ya VAT iliyolipa ilipokuwa ikinunua kitambaa. Kwake hiyo ni gharama kamili.

Na nauli za meli zimeyumba kweli. Kabla ya Uviko-19, kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kuu zinazotoka China kulikuwa kwa wastani chini ya dola 2,000. Mwaka 2021 wastani huo ulipita dola 10,000. Ziliposhuka, mashambulizi ya meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 yakazilazimisha meli nyingi kati ya Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Meli inayotoka China kuja Dar es Salaam haina haja ya kupita Bahari ya Shamu, lakini meli na makontena ya dunia ni yaleyale, na yanapokaa safarini siku nyingi zaidi huadimika kwa kila anayeyahitaji.

Gharama za hapa nyumbani nazo zina misimu yake. Dodoma iko kilometa 450 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei ya hapa huwa juu ya ile ya Dar kwa sababu ya umbali huo. Agosti 2023 petroli ya Dar es Salaam iliruka kutoka chini ya shilingi 2,800 hadi karibu 3,200 kwa lita kwa mwezi mmoja. Wakati wa mgao wa umeme uliofuata, hadi mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere ilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, mafundi waliotaka kumaliza oda kwa wakati walishona kwa jenereta. Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa siku kadhaa, waliokuwa na oda mkononi walinunua kitambaa popote walipokipata na kwa bei yoyote waliyotajiwa. Ujira wa fundi pia haukai mahali pamoja. Katika miezi ya Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, na katika msimu wa mahafali ya chuo kikuu na harusi za mwisho wa mwaka, fundi mzuri wa kukata suti ana wateja wanaomgombania, naye hupandisha malipo yake kwa kila kipande. Simlaumu hata kidogo. Kwa miezi mingi ya mwaka analipwa chini ya thamani ya mikono yake.

Swali gumu zaidi huja bei za nje zinaposhuka. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi iliimarika hadi dola ikarudi karibu na 2,400, na wateja wakauliza, tena kwa haki kabisa: «Dada, dola imeshuka, mbona gauni halijashuka?» Jibu la kihasibu ni kwamba gauni linaloshonwa leo limetoka kwenye jora lililonunuliwa miezi mitatu iliyopita, na gharama yake ni ile iliyolipwa siku hiyo. Jibu hilo ni la kweli, lakini lina mwisho wake. Jora la zamani likiisha na jipya likanunuliwa kwa bei nafuu, chapa inayoendelea kuuza kwa bei ya juu haiwezi tena kuisingizia dola. Huwa nawaambia wenye chapa waziwazi kwamba, kama ulimweleza mteja dola ilipopanda, una wajibu wa kumweleza inaposhuka, na mteja anayeona bei ikishuka angalau mara moja huiamini sababu utakayoitoa bei itakapopanda tena.

Sasa usafirishaji, ambao ndio chanzo cha ugomvi mkali kuliko wote. Tangazo husema «usafiri ni juu ya mteja» na kuishia hapo, ilhali usafiri wenyewe una vipande vingi: bodaboda au bajaji kutoka kwenye karakana hadi stendi ya Nanenane, malipo ya kifurushi kwenye basi, na kukipokea upande wa pili. Kifurushi cha basi mara nyingi hukadiriwa kwa macho, hivyo mfuko uleule unaweza kutozwa viwango viwili na kampuni mbili tofauti siku moja, na siku za kuelekea sikukuu ukatozwa zaidi. Mwenye chapa hana uwezo wa kuizuia hali hiyo, lakini anaweza kuweka kiwango kimoja cha wastani kwa kila mkoa, akakiandika, na yeye mwenyewe akabeba tofauti ndogo ndogo za juu na chini. Katika hesabu nilizofanya, wastani huo hujilipa. Kinachoumiza zaidi ni utaratibu wa kulipa mzigo ukifika, kwa sababu mteja mmoja anayekataa kupokea huiachia chapa gharama ya kwenda na kurudi, nayo hulipwa na wateja waaminifu kupitia bei ya gauni lijalo.

Kwa mizigo ya nje ya nchi, kampuni za usafirishaji wa ndege hazipimi kilo peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, na kutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Gauni la harusi la kilo 3 lililowekwa kwenye boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 20 linahesabiwa kuwa kilo 9.6. Kulikunja vizuri kwenye boksi dogo kunapunguza gharama kuliko majadiliano yoyote na wakala. Na Mtanzania anayeishi Marekani ambaye amezoea kupokea nguo zake bila kodi aelewe kwamba tangu Agosti 29, 2025 nchi hiyo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Ushuru huo hauiingizii chapa ya Dodoma hata senti moja, lakini lawama huiangukia chapa iliyonyamaza.

Kuhusu desturi ya kuandika «bei njoo inbox», msimamo wangu ni mkali. Inampa mteja sababu ya kushuku kwamba bei inapangwa kwa kumtazama sura, na mara nyingi shaka hiyo ni sahihi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na ingawa kutotaja bei si sawa na kupotosha, bei mbili kwa gauni moja siku moja humfanya mnunuzi ajione amepotoshwa. Bei iandikwe, iwe na tarehe, na iseme itadumu hadi lini; majuma mawili yanatosha kwa nguo za kuagiza. Nauli iandikwe kando yake, isifichwe ndani ya neno «bure».

Kanuni moja naisimamia bila kulegeza: advansi ikishapokelewa, bei imefungwa. Ili ahadi hiyo isimfilisi mwenye chapa, advansi lazima itoshe kununua kitambaa, bitana na zipu zote za oda hiyo, na vinunuliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Katika gauni la mfano wetu hizo ni shilingi 23,500, kwa hiyo advansi ya nusu ya bei, yaani 30,000, inafunika vifaa na sehemu ya ujira. Anayepokea advansi ya 10,000 kwa huruma anaahidi bei ambayo hana uwezo wa kuilinda, na akiitumia kumalizia oda ya mtu mwingine, ameshaivunja ahadi kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Sare za harusi zinahitaji sentensi ya ziada kwenye makubaliano. Kamati huagiza magauni 40, hulipa, kisha juma moja kabla ya sherehe huongeza ndugu sita waliochelewa kuchanga. Kitenge cha hao sita kitatoka kwenye jora jingine, kwa bei ya siku hiyo, pengine kikiwa na tofauti ndogo ya rangi, na fundi atakishona usiku kwa malipo ya juu. Karatasi ya oda iseme tangu siku ya kwanza kwamba 40 wa mwanzo wana bei yao iliyofungwa, na kila atakayeongezwa baadaye atakokotolewa upya, kwa jina lake, bila kuwagusa waliokwisha kulipa.