Je, wajua kwa nini kifaranga wa mama hutoka nje siku ya pili, na wa bruda hufa wiki ya nne?

Pita kijiji chochote cha Masaka au Mukono, hapa Uganda, utamkuta kuku jike akiparura chini ya migomba, vifaranga wa siku mbili tatu wanamfuata. Nyumba ya jirani, mfugaji ametoa vifaranga wa wiki nne kwenye bruda, yaani chumba cha kulelea vifaranga kwa joto la taa au moto, kawahamishia banda la nje jioni, na asubuhi anaokota mizoga kwenye kona. Maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba kuku wa kienyeji ni mgumu na kuroila, kuku chotara wa kisasa, ni dhaifu. Damu ya kuku ina sehemu yake, lakini jibu lenyewe liko kwingine.

Kifaranga wa mama, ukimtazama vizuri, hajahamia nje. Anatoka dakika chache, anadonoa, anaanza kupoa, anakimbilia chini ya tumbo la mama. Kuku anayeatamia hupukutika manyoya ya tumboni, kwa hiyo kifaranga anagusana na ngozi tupu ya mwili wenye joto la nyuzi 41 hivi. Akishapata moto anatoka tena. Hivyo mchana kutwa, na usiku kucha amefunikwa. Mama ni bruda inayotembea. Mchukue mama uone: mvua moja inatosha kumaliza vifaranga wote.

Kifaranga wa siku moja ana gramu 35 hadi 40 tu. Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi, na manyoya yake ya utoto yakilowa hayazuii baridi hata kidogo. Ndiyo maana bruda huanza na nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki hadi kufika 21. Sasa linganisha na usiku wetu. Kampala alfajiri hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kabale, kule milimani, 10 au 12 ni jambo la kawaida. Mfugaji wa Kabale akifuata kalenda ya mwenzake wa Arua, kwenye joto, atazika kuku.

Kwa hiyo usihesabu wiki peke yake, mshike kifaranga umkague. Manyoya ya ukubwani huanza kwenye mabawa, tena mapema, na hapo ndipo wengi hudanganyika: wanaona bawa limejaa wanasema amekomaa. Mgongo, shingo na tumbo huja mwisho. Mgeuze, puliza tumboni. Ukiona ngozi ya waridi au manyoya ya utoto, bado. Wengi hukamilika kati ya wiki ya tano na ya sita, na katika kundi moja huwapo wanaochelewa, mara nyingi majogoo. Pima kundi kwa hao wa mwisho. (Kuku wa shingo uchi hatajaza shingo hata akizeeka, huyo mkague mgongo na tumbo.)

Hata hivyo, wengi wanaokufa usiku wa kwanza hawauawi na baridi moja kwa moja. Wanalaliana. Baridi inawasukuma pamoja, giza ambalo hawajawahi kuliona linawatisha, wanajazana kwenye kona, na wa chini wanakosa pumzi. Utalitambua hili kwa mizoga yenyewe: imebanwa bapa, iko sehemu moja, na gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, limejaa. Ugonjwa hauui hivyo. Mgonjwa hufa popote alipo, mara nyingi kakonda, na kinyesi chake kimeshabadilika. Hakikisha hilo kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Tiba ya kulaliana hufanywa siku kumi kabla ya kuhama. Jua likishazama, zima taa ya bruda kwa nusu saa, kesho yake kwa saa nzima, endelea hivyo mpaka wazoee kulala gizani wakiwa bado mahali wanapopajua. Wakati huohuo punguza moto: kwanza uondoe mchana, kisha usiku. Baada ya hapo iga anavyofanya mama, kutoka na kurudi. Siku ya jua watoe saa nne asubuhi, warudishe saa sita. Ongeza muda kila siku, lakini saa kumi jioni wawe ndani. Mvua ikitanda, ahirisha. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huku kusini, ni bora kuwachelewesha wiki nzima kuliko kuwatoa kwenye matope.

Siku ya kuhama yenyewe, hamisha saa moja asubuhi, wala si jioni. Wanahitaji mchana mzima wa kujua maji yako wapi na kushiba, kwa sababu chakula ndicho kuni za usiku. Beba vyombo vyao vilevile vya maji na chakula. Usibadilishe chakula wiki hiyo, na usichanje: chanjo ya kideri au ya Gumboro iwe imepita angalau wiki moja, maana mwili uliochoka haujengi kinga vizuri.

Banda lao la kwanza lisiwe kubwa mno. Vifaranga kumi kwa mita moja ya mraba wanatosha. Ziba kila kona kwa kipande cha boksi kilichopindwa ili pasiwe na pembe ya kubanana. Turubai lizibe upande wa upepo kuanzia chini hadi juu ya vichwa vyao, lakini juu kabisa pabaki wazi, la sivyo mvuke na harufu kali ya kinyesi cha kuku vitawachoma macho na mapafu. Sigiri ndani ya banda lililofungwa ni hatari kubwa: moshi usioonekana wa makaa huua kimyakimya, kuku na hata mtu anayekuja kuwaangalia. Salama zaidi ni jerikeni la maji ya moto lililozungushiwa gunia, au boksi lililofunikwa lenye kimo cha sentimita 30 hivi na milango miwili, wapashane joto wenyewe. Boksi hilo halina gharama wala moto wa kuunguza banda.

Saa tatu usiku nenda na tochi. Wakiwa wametawanyika kwa vikundi vidogo, sawa. Wakiwa lundo moja wanalia, watawanye kwa mkono na uongeze joto. Rudia usiku tatu. Ukiona mara tatu wamelala wametulia, ondoa jerikeni.

Hatari inayofuata haiji usiku wa kwanza, huja wiki ya pili baada ya kuhama: koksidiosi, ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na vimelea vya utumbo. Mayai ya vimelea vyake hukomaa kwa siku moja au mbili yakipata unyevu na joto, na mabanda ya kwetu hayakosi vyote viwili. Tandika maganda makavu ya kahawa au maranda, kina cha sentimita 8 hadi 10. Inua chombo cha maji juu ya matofali mpaka kimo cha mgongo wa kifaranga, na kila asubuhi toa matandiko yaliyolowa. Ukiona kinyesi chenye damu, mabawa yameshuka na kuku wamejikunyata, wape dawa ya amprolium kwenye maji siku hiyohiyo kwa kipimo cha lebo, tena uwape wote.

Na wavu. Waya wa kuku wa kawaida humzuia kuku asitoke, haumzuii panya asiingie. Mita ya kwanza kutoka chini weka wavu wa matundu ya milimita 12, uuzike sentimita 30 ardhini kwa ajili ya nguchiro. Siafu hawazuiwi na wavu wowote: zungusha jivu kavu kuzunguka banda, na ulimwage upya kila baada ya mvua.