Kabla ya Kuongeza Hospawa: Kuitunza na Kuiboresha Ndege ya Kasi Uliyoiunda Mwenyewe

Wanaoniuliza kuhusu ndege za kujiundia karibu wote huanza na swali moja: nifunge injini gani ili iende kasi zaidi? Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Ndege ya kiwandani ina wahandisi waliokwisha kuumiza vichwa kwa niaba yako. Kwa ndege uliyoiunda bandani mwako, kiwanda ni wewe. Ukiingiza kifaa kimoja kipya, kuna kingine kitakachosogea, kitakachopata joto au kitakachotetemeka kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Kukifuatilia hicho cha pili ndiyo kazi yenyewe.

Nazungumzia ndege zinazouzwa kwa vipande ili mwenyewe uziunganishe, za jamii ya Lancair, Glasair na zile RV za Van's Aircraft: bawa dogo, mwili mwembamba, injini kubwa kuliko unavyotarajia ukilitazama umbo lake.

Hesabu ya kasi kwanza, maana inaokoa pesa. Ukizidisha kasi, ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba, na nguvu ya kuushinda hupanda kwa kipeo cha tatu. Tuseme ndege yako inakwenda 350 km/h kwa injini ya hospawa 200, na wewe unataka 385, yaani nyongeza ya asilimia 10 tu. Kwa nguvu peke yake utahitaji hospawa kama 266. Hiyo ni injini nyingine kabisa, nzito zaidi, inayokunywa zaidi, yenye joto zaidi la kuondoa. Kwa hiyo mimi huanza kwenye ukinzani: vifuniko vya magurudumu vilivyokaa pembe isiyo sahihi, nyufa kati ya bawa na mwili, antena zilizoachwa nje bila sababu, na zaidi ya yote hewa inayopita ndani ya kava la injini.

Hapo kwenye kava wengi hawaangalii. Hewa ya kupoza inatakiwa iingie mbele, ilazimishwe kushuka katikati ya mapezi ya silinda, itoke chini. Mabati yanayoizuia yana ukingo wa mpira unaolalia kava kwa ndani. Fungua kava, ligeuze juu chini, uchunguze alama ambayo mpira umeacha kwa kusugua. Alama ikiwa mstari usiokatika, mpira unaziba. Ikikatika urefu wa kidole, pale ndipo hewa inapopenya bila kugusa silinda, na unalipa mara mbili: injini inachemka na ndege inaburuza hewa isiyofanya kazi. Injini ya Lycoming IO-360 ya hospawa 200 inaruhusiwa joto la kichwa cha silinda hadi nyuzi 260 za Selsiasi, lakini huo ni ukomo, si mahali pa kuishi. Mimi ikivuka 200 kwenye safari ya kawaida natafuta sababu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha injini uliyonayo ni nzima. Kipimo cha mgandamizo ndicho cha kuanzia: injini ikiwa na joto, unaingiza hewa yenye shinikizo la psi 80 kwenye silinda na kusoma kiasi kinachobaki, huku mwenzako amelishika panga boi (propela) kwa mikono miwili na hasimami mahali linapoweza kumpiga. Namba yenyewe haitoshi. Sikiliza. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi inavuja. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Ikirudi kwenye njia ya hewa ya kuingia, ni valvu ya upande huo. Halafu ingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi uitazame valvu ya ekzosi. Iliyo nzima ina duara za rangi zilizokaa sawa kuzunguka katikati. Inayoanza kuungua ina upande mmoja wa ukingo uliobadilika rangi, mara nyingi kwa ukijani, na hiyo unaweza kuiona mapema, wakati geji bado inakusomea namba nzuri. Filta ya oili nayo ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe, na sumaku ipitishwe juu yake kunasa chembe za chuma.

Sasa mpapatiko. Hili ndilo linaloninyima usingizi kwenye ndege za kasi. Hewa ikifika kasi fulani, eleroni (kipande kinachocheza nyuma ya bawa) au eleveta (kile cha mkiani) huweza kuanza kupapatika kama bendera, kila pigo likilipa nguvu pigo linalofuata, na mkia ukang'oka ndani ya sekunde chache. Kinga zake ni mbili: vipande hivyo viwe na mizani sahihi kwenye bawaba zake, na pasiwe na ulegevu kwenye bawaba wala kwenye ncha za fimbo zinazoviendesha. Kwenye kila ukaguzi naishika eleroni kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu huku mtu ameshikilia usukani usisogee. Mchezo wowote unaousikia mkononi una chanzo, na kitafutwe kabla ndege haijaruka.

Mizani hiyo huvurugwa na kitu kidogo kama rangi. Kupaka rangi mpya juu ya ya zamani kunaongeza uzito nyuma ya bawaba, upande mbaya kabisa. Baada ya kupaka, kila kipande kinashushwa na kupimwa upya. Na kama ndege ni ya faibaglasi na epoksi, yaani gundi inayoishikilia, rangi yenyewe si suala la urembo. Wabunifu wengi wanasisitiza nyeupe kwa sababu rangi nyeusi ikikaa juani inapata joto linaloweza kuilainisha epoksi iliyokaushwa kwenye joto la kawaida. Mtu anayetaka bawa jeusi namwambia akanunue gari.

Tabochaja, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili iwe na nguvu hata juu sana, inaleta mpapatiko kwa mlango wa nyuma. Kipimo cha kasi kwenye dashibodi kinasoma shinikizo la hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 5,500, kipimo kinachosoma 300 km/h kinaficha kasi halisi ya karibu 400. Mpapatiko unafuata zaidi kasi halisi hiyo. Rubani aliyezoea kuangalia tu mstari mwekundu wa kasi ya mwisho kwenye kipimo anaweza kuuvuka mpaka akiwa bado kwenye eneo la kijani. Ukifunga tabochaja, andika jedwali la kasi ya mwisho kwa kila kimo na ulibandike mbele yako.

Betri ya lithiamu inaonekana jambo jepesi. Unatoa ya risasi ya kilo 7 iliyokuwa mita 2 nyuma ya kitovu cha uzito, unaweka ya kilo 2. Kwenye ndege ya kilo 800, kitovu kimesogea mbele zaidi ya sentimita moja. Si kingi, lakini kama juzi uliongeza panga boi zito la kubadilisha pembe, vyote viwili vinavuta upande mmoja. Halafu kuna alternata inayochaji betri: regyuleta, yaani kidhibiti chake cha volti, ikishindwa na volti zikapanda, betri ya risasi itavumilia kwa muda, ya lithiamu ni hatari zaidi. Kinga ya kukata volti iliyozidi ifungwe siku ileile.

Sheria za Marekani, nchi yenye ndege nyingi za aina hii, ziko wazi kiasi. Ukaguzi wa hali ya ndege hufanywa ndani ya kila miezi 12, na husainiwa na muundaji mwenye cheti cha ufundi cha ndege hiyo au na fundi mwenye leseni. Mabadiliko makubwa huirudisha ndege kwenye majaribio, kwa kawaida yasiyopungua saa 5 za kuruka, bila abiria.

Saa 5 ni chache kwangu. Kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linabeba naipima upya nikiwa juu sana, flapu (vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu kisha chini, kwanza kitovu kikiwa mbele, ndipo nakisogeza nyuma hatua kwa hatua. Kasi ya juu naipandisha kidogo kidogo. Namba ya zamani kwenye daftari naikata kwa mstari mmoja ili isomeke bado, mpya inakaa pembeni pamoja na tarehe na saa za injini. Cheti cha muundaji hakihami na ndege inapouzwa, kwa hiyo mnunuzi na fundi wake hawatakuwa na kingine cha kusoma zaidi ya daftari hilo.