Kwa nini Vyasa aliisifu Kali

Marishi, wahenga watakatifu wa Kihindu, walikuwa wakibishana: ni katika zama zipi tendo dogo la dharma, yaani wema na wajibu wa kidini, huzaa thawabu kubwa kuliko zote? Hawakuafikiana, wakaenda kwa Vyasa, mhenga mkubwa. Walimkuta akioga katika mto Ganga, wakamngojea ukingoni. Vyasa akazama, akaibuka akisema: Kali ni njema. (Kali ni zama za mwisho, hizi zetu.) Akazama tena: Shudra, mtu wa tabaka la chini, ni mwema. Mara ya tatu akawasifu wanawake.

Kisa hiki kimo katika Vishnu Purana, mojawapo ya Purana, vitabu vya kale vya visa vitakatifu vya Wahindu, nami huanza nacho kila ninapofundisha juu ya zama za Kali, kwa sababu wasomaji wengi wamesikia upande mmoja tu, ule wa kuoza kwa dunia.

Kuoza kumo, tena kwingi. Zama ni nne, na kila moja ni fupi na duni kuliko iliyotangulia: Krita miaka 1,728,000, Treta 1,296,000, Dvapara 864,000, na Kali, tunayoishi sasa, 432,000. Kwa hesabu ya mapokeo Kali ilianza mwaka 3102 KK, hivyo bado tumo mwanzoni kabisa. (Jina hili la zama halina uhusiano na mungu wa kike Kali.) Bhagavata Purana inaichora dharma kama fahali ambaye miguu yake minne ni kujinyima, usafi, huruma na ukweli. Katika zama zetu umebaki mguu wa ukweli peke yake, nao unayumba.

Angalia kwamba usafi ni mguu mzima. Katika kitabu cha Manu, sheria ya kale ya Kihindu, kifo humtia unajisi Mbrahmini, mtu wa tabaka la makuhani, wa ukoo wa marehemu kwa siku 10, na Shudra kwa mwezi. Unajisi haukuwa sawa kwa wote, na aliyekuwa chini aliubeba muda mrefu zaidi. Lakini kitabu hichohicho kinasema mkono wa fundi daima ni safi, na bidhaa iliyotandazwa sokoni ni safi. Maisha yasingeendelea vinginevyo. Kisha kinatamka jambo ninaloliona kuu katika sura nzima: usafi ulio juu ya wote ni wa mali. Aliye safi katika chumo lake ndiye safi, si yule aliyejisugua kwa udongo na maji.

Sasa, ikiwa binadamu wa Kali ni dhaifu, sheria imfanyie nini? Jibu la kwanza ni kumpunguzia, kama mgonjwa anavyoruhusiwa kutofunga Ramadhani. Vyasa aliwaeleza marishi kwamba kinachopatikana kwa miaka 10 katika Krita hupatikana katika Kali kwa mchana na usiku mmoja. Sifa zake kwa Shudra na wanawake, hata hivyo, zina mwiba: wao wanaipata thawabu kwa wepesi kwa sababu wanatumikia, Shudra matabaka ya juu na mwanamke mumewe. Siwezi kuipamba sehemu hiyo.

Jibu la pili lilikuwa kufunga milango. Wanasheria wa zama za kati walikusanya orodha za kalivarjya, yaani mambo yaliyoruhusiwa zamani lakini ni marufuku katika Kali. Mwanazuoni P. V. Kane alihesabu 55. Humo kuna kafara ya farasi, kumchinjia mgeni ng'ombe, na mtu kuzaa na mjane wa nduguye. Humo pia kuna kumpokea tena Mbrahmini aliyesafiri baharini, hata akiwa ameshatakaswa.

Pwani yetu inajua kwamba watu walisafiri tu. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia (tabaka la wafanyabiashara wa Kihindu) wa Kutch, magharibi mwa India, ilishika ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na wafanyabiashara wengi wa Kihindu waliwaacha wake zao Kutch. Gandhi, ambaye hakuwa Mbrahmini, alitengwa na wazee wa tabaka lake mwaka 1888 kwa kwenda London. Aliporudi mwaka 1891, kaka yake alimpeleka Nasik kuoga katika mto mtakatifu. Baadhi ya watu wa tabaka lake walimpokea, wengine wakakataa.

Mahali majibu haya mawili, kupunguza na kufunga milango, yalipogongana waziwazi ni Kolkata, India, mwaka 1855. Ishwar Chandra Vidyasagar, mkuu wa Chuo cha Sanskrit, alitaka wajane waruhusiwe kuolewa tena. Hakudai kwamba dunia imeendelea. Alishika kitabu cha Parashara, kinachojitangaza kuwa sheria ya zama za Kali kama Manu alivyokuwa wa Krita, na ambacho kinamruhusu mke mume mwingine ikiwa wa kwanza amepotea, amefariki, amekuwa mtawa, hana nguvu za kiume au ametengwa. Wapinzani wakamrushia kalivarjya: Purana zinakataza. Akajibu kwamba smriti, yaani vitabu vya sheria kama vya Manu na Parashara, ikipingana na Purana, smriti ndiyo inayofuatwa. Pande zote mbili zilikubali kwamba zama zimeharibika. Waligombania nani aubebe uharibifu huo, na Vidyasagar alikataa abebeshwe mtoto wa kike aliyefiwa na mume kabla hajabaleghe.

Sheria ya kuruhusu ndoa za wajane ilipitishwa mwaka 1856, na ndoa ya kwanza ikafungwa Desemba mwaka huohuo. Wajane wachache tu waliitumia, na sheria yenyewe ilimnyang'anya aliyeolewa tena haki katika mali ya mume wa kwanza. Mwaka 1870 mtoto wa kiume wa Vidyasagar mwenyewe alioa mjane.