Makengeza ya mtoto: "Si akikua yataisha?"

Makengeza ni nini?
Macho mawili kutotazama mahali pamoja. Moja linakutazama wewe, jingine limeelekea puani au pembeni.

Nimeambiwa akikua yataisha.
Hapana. Kichanga macho yake huweza kutangatanga miezi ya mwanzo, hilo la kawaida. Akipita miezi minne na jicho bado limepinda, mlete. Usingoje aanze shule.

Haraka ya nini, na jicho lenyewe ni zima?
Kwa sababu jicho hupokea mwanga tu. Anayeona ni ubongo, nao hujifunza kuona kama mtoto anavyojifunza kusema. Ukiletewa picha mbili zisizopatana, hushika moja na kuipuuza nyingine. Jicho linalopuuzwa hubaki bila kufundishwa. Ndilo tunaloita jicho vivu, jina nisilolipenda, maana jicho halina kosa. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Nobel ya Tiba mwaka 1981, walifunga jicho moja la watoto wa paka. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeshaacha kuliitikia.

Lakini bibi yake anasema yataisha.
Shikamoo yake bibi. Hayaishi. Kinachoisha ni muda: tiba hufaa zaidi kabla ya miaka saba. Wanaletwa darasa la tano, jicho zuri limeingia mchanga ndipo nyumba nzima inagundua kuwa la pili halisomi.

Mnatibu vipi?
Miwani, na kuziba jicho zuri saa kadhaa kwa siku ili jingine lifanye kazi. Mtoto atalia. Mama anabandua, ananiambia "nilimhurumia". Mama, hiyo huruma inamgharimu jicho. Upasuaji hunyoosha jicho, haufundishi ubongo.

Maziwa ya mama, au matone ya dukani?
Hayanyooshi chochote. Tafadhali, acheni.

Nikiona weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha ya simu?
Hospitali leo hii. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.

Nitapimaje nyumbani?
Akiwa anatazama katuni, ziba jicho moja, kisha jingine. Ukiziba la kulia anatulia, ukiziba la kushoto anausukuma mkono wako: la kulia halioni vizuri. Mlete kesho, usingoje likizo.