Je, wajua? Mtindo wa marejeo wa "Harvard" hauna mwongozo rasmi wa Harvard

Anayeandaa mswada wa makala ya kisayansi mara nyingi hukutana na agizo fupi la jarida: marejeo yaandikwe kwa mtindo wa Harvard. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba agizo hilo linatosha, na kwamba Chuo Kikuu cha Harvard kina kitabu kimoja chenye kila kanuni hadi ya koma ya mwisho. Nilichukua mwongozo wenye kichwa hicho niliopewa nikiwa mwanafunzi, nikapanga marejeo yangu yote kwa kuufuata, nikatuma mswada, nao ukarudishwa kabla haujawafikia wahakiki. Nilikuwa nimeandika (Mark, 1881), ilhali jarida lilitaka (Mark 1881) bila koma. Majina ya majarida niliyafupisha, wao waliyataka kamili. Na mwaka, ambao katika orodha niliufungia ndani ya mabano, kwao ulisimama wazi ukifuatwa na nukta. Kwa kuwa nilidhani mhariri ndiye aliyekosea, nilianza kuutafuta mwongozo wa Harvard wenyewe ili nimwonyeshe, na ndipo nilipogundua kwamba haupo.

Harvard haitoi mwongozo rasmi wa mtindo unaobeba jina lake. Vyuo vingi vya Uingereza, Australia na Afrika Kusini vina miongozo yao inayoitwa hivyo, na hata miongozo ya vyuo viwili vya mji mmoja inaweza kupishana. Kinachoiunganisha yote ni mambo mawili tu: ndani ya matini hutajwa jina la mwandishi na mwaka wa chapisho, na mwishoni kazi zote hupangwa kwa alfabeti ya majina. Koma, italiki, mabano, idadi ya waandishi wanaotajwa kabla ya kuandika "na wenzake", hayo yote kila jarida hujiamulia. Hata mtindo wa wanasaikolojia wa Marekani, APA, uliochipuka kutoka makala ya kurasa 7 iliyochapishwa mwaka 1929, ni wa ukoo huohuo wa jina na mwaka, ingawa wenyewe una kitabu chake chenye kanuni kali. Anayesema "Harvard" ni kama anayesema "pika pilau": umejua kwamba kuna mchele na viungo, lakini hujaambiwa bizari kiasi gani wala kama viazi vimo, na mpishi wa Mombasa na wa Tanga watakuletea sahani mbili tofauti, zote zikiwa pilau.

Jina lenyewe limetoka wapi, basi? Mwaka 1988 Eli Chernin alilifuatilia swali hilo katika jarida la kitabibu la BMJ, na njia ikamfikisha kwa koa, yaani konokono asiye na gamba. Mwaka 1881 mwanazuolojia wa Harvard, Edward Laurens Mark, alichapisha kazi ya kurasa zaidi ya 400 kuhusu kupevuka, kurutubishwa na kugawanyika kwa mayai ya koa aitwaye Limax campestris. Katika ukurasa wa 194 Mark aliweka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, kisha akatia kinyota kinachompeleka msomaji kwenye tanbihi inayoeleza utaratibu huo. Hakuna dai kwamba alikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Huo ni mfano wa mapema zaidi ambao Chernin aliweza kuuonyesha. Wanafunzi na wenzake walipomtolea Mark kitabu cha heshima mwaka 1903, walimsifu pia kwa kuiletea zuolojia urejeleaji makini. Kuhusu nani aliyeuita utaratibu huo "wa Harvard", ipo habari isiyothibitishwa ya mgeni Mwingereza aliyeuona kwenye maktaba ya chuo, ukampendeza, akarudi nao kwao. Napendezwa sana na jambo hili: desturi inayogusa maelfu ya miswada kila mwaka ilipita katika mayai ya koa.

Ukoo wa pili ni wa namba, ambamo kila kazi hutajwa ndani ya matini kwa namba badala ya jina na mwaka, nao una kisa kinachofanana. Mtindo wake unaojulikana zaidi, "Vancouver", si wa chuo wala wa mji huo. Ni jina la mahali ambapo mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana, nchini Kanada, wakakubaliana kuhusu namna moja ya kuandaa miswada, makubaliano yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1979.

Tofauti ya koo hizi mbili inaeleweka vizuri ukifikiria foleni ya zahanati. Katika zahanati ya kwanza kila mgonjwa hupewa kadi ya namba kwa kadiri alivyoingia, na muuguzi huita "wa 1, wa 2, wa 3". Kadi ni fupi na wito hauchukui muda. Ndiyo sababu makala ya tiba, ambamo sentensi moja inaweza kuegemea kazi 6 zenye waandishi 20 kila moja, hupenda namba. Lakini ukimwingiza mgonjwa mpya kati ya wa 2 na wa 3, kadi zote zinazofuata hubadilika, na anayezibadilisha kwa mkono ataruka moja tu, kisha kila aitwaye baada ya hapo atakuwa siye. Katika zahanati ya pili wagonjwa huitwa kwa majina. Mgeni akiongezeka hakuna anayesumbuliwa, isipokuwa awe na jina na mwaka sawa na mwenzake, hapo mmoja huwa 2010a na mwingine 2010b. Wito ni mrefu, ila msomaji anajua papo hapo ni nani aliyesema na lini, jambo lenye uzito katika historia, isimu na zuolojia. Programu za kupanga marejeo kama Zotero, iliyotoka mwaka 2006, hazibadili mantiki hii. Hutunza jina, mwaka na kichwa kila kimoja mahali pake, kisha huvipanga upya kwa amri ya jarida.

Programu hizo, hata hivyo, hudhani kwamba neno la mwisho la jina ni la ukoo. Mtafiti wa Zanzibar aitwaye Juma Ali Hassan, yaani Juma mwana wa Ali mwana wa Hassan, huorodheshwa kama "Hassan JA", na sifa ya kazi inasimama chini ya jina la babu. Akisaini makala inayofuata "Juma Ali", orodha itamtambua kama "Ali J", mtu mwingine kabisa, na kazi zake zitagawanyika katika herufi mbili za alfabeti. Utambulisho wa ORCID, namba ya pekee ya mtafiti yenye tarakimu 16, ulioanza kutolewa mwaka 2012, huziunganisha tena kazi hizo kwenye hifadhidata, lakini katika orodha iliyochapwa mwishoni mwa makala haonekani Juma mmoja: wapo Ali J na Hassan JA.