Kisafishaji cha kidimbwi kinachojiendesha ni nini, na kwa nini chako kimesimama

Kisafishaji cha kidimbwi kinachojiendesha ni mashine inayotembea yenyewe chini ya maji ya kidimbwi cha kuogelea, nyingine hata hupanda kuta, ikiokota majani, mchanga na vumbi bila mtu kushika brashi. Lakini hilo neno "kinachojiendesha" huwapotosha wengi. Nyingi ya mashine hizi hazina nguvu zake zenyewe, huazima. Ukishajua yako inaazima wapi, unajua pa kuanzia siku itakapogoma.

Ninayoikuta zaidi Karen, Runda na Lavington, hapa Nairobi, ni ya kunyonya. Mpira mrefu wa vipande vilivyochomekwa unaiunganisha na skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu, na pampu ile ile inayozungusha maji ya kidimbwi ndiyo inayoiendesha. Injinia Ferdinand Chauvier aliunda Kreepy Krauly, mojawapo ya mashine za mwanzo za namna hii, huko Springs, Afrika Kusini, mwaka 1974. Ndani ya nyingi kuna ulimi au kiwambo cha mpira kinachofunga na kufungua njia ya maji. Kila kikifunga, mashine hushtuka na kusogea kidogo. Ile tak-tak-tak unayoisikia ukisimama ukingoni ni mapigo yake ya moyo. Uchafu wote hupita kwenye mpira ukaishia katika kikapu cha pampu na filta, kwa hiyo filta hujaa upesi.

Aina ya pili husukumwa na maji yanayorudi kidimbwini, na hubeba mfuko wake wa takataka. Nyingi zake hudai pampu ya ziada, na bili ya umeme hupanda. Ya tatu ni roboti, yenye mota na filta yake ndani, ikipokea umeme mdogo, kwa kawaida volti 24 hivi, kutoka kwa transfoma iliyo nje. Pampu yako ikilala, roboti itafanya kazi bila wasiwasi.

Nirudi kwa kunyonya, maana hapo ndipo penye lawama nyingi zisizo za haki. Pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza shinikizo upande wake, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kwenda huko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu husukuma kwa takriban asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Pampu iliyowekwa juu kuliko maji ya kidimbwi hapa ina akiba ndogo ya mvuto. Upenyo mdogo unaoingiza hewa unatosha kuichosha.

Oktoba iliyopita, mama mmoja wa Lavington aliniita: "Fundi, hii mashine imekufa. Nitafutie nyingine." Mijakaranda ya jirani ilikuwa imechanua, na maua yakilala majini siku moja tu hulegea kama mboga iliyoiva. Kikapu cha pampu kilikuwa kimejaa uji wa zambarau. Nikakimwaga, mashine ikasogea kidogo ikasimama tena. Nikainama nikatazama kwenye kifuniko angavu cha pampu: viputo vilikuwa vinakimbia kama maji ya chai yakianza kuchemka. Nikachukua kikombe, nikamimina maji polepole kuzunguka ukingo wa kifuniko huku pampu inanguruma. Viputo vikakatika. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba ukingo wa kifuniko, ilikuwa imekauka na ina ufa. Tukaweka mpya, tukaipaka grisi ya silikoni, na kabla sijafunga mkoba mashine ilikuwa imefika upande wa pili.

Kwa hiyo ikisimama, anzia mbali na mashine yenyewe. Maji yafike katikati ya mdomo wa skima. Toa kilicho kwenye kikapu. Soma geji ya filta: ikiwa shinikizo limepanda psi 8 hadi 10 kuliko siku mchanga wa ndani ya filta ulipokuwa safi, geuza mkondo wa maji uuoshe. Angalia kama vali ya shimo la sakafuni imeachwa wazi, kwa sababu inagawana mvuto na mashine. Halafu upapase mpira kipande kwa kipande kutafuta nyufa. Kiwambo kiwe cha mwisho, ingawa kikichanika hakishoneki.

Ikizunguka pale pale kama mbwa anayefukuza mkia, mara nyingi mpira ulihifadhiwa umekunjwa. Ulaze juani umenyooka siku nzima. Elekeza chini pia vinywa vya maji yanayorudi, visiusukume mpira kando.

Roboti ina tabia nyingine. Ikielea, hewa imenasa ndani: igeuze-geuze majini mpaka viputo viishe. Usiinue kwa waya hata siku moja, shika mpini. Transfoma ikae angalau mita 3 kutoka ukingoni, mbali na mvua, na asiogelee mtu wakati roboti iko kazini. Hilo la mwisho nawarudia wenye watoto bila kuchoka.

Na maji yakiwa ya kijani? Huo ni mwani, tafuta klorini na brashi kwanza.

Katika kuchagua, mimi hutazama kinachoanguka majini kabla ya bei. Kama una mijakaranda au mikaratusi, ya kunyonya inatosha ikiwa na chombo cha kukamata majani katikati ya mpira, na yenye mfuko mkubwa ni bora zaidi. Kama kuna ujenzi jirani na vumbi jekundu la Januari na Februari, ningenunua roboti yenye filta laini, kwa kuwa chembe nyingine hupenya mchanga wa filta na kurudi kidimbwini. Kuta zikiwa za vigae, uliza brashi zake ni za aina gani, nyingine huteleza. Na ukiwa dukani, mwambie muuzaji akuonyeshe kwa macho kiwambo au brashi ya akiba kabla hujatoa pesa. Akisema ataagiza, mwambie utarudi vikifika.